Mnasihi wa shule akichoka, nani anamsikiliza? (Uzi mrefu kwa wanasihi na wakuu wa shule)

SikioLaShule (mwanzisha uzi)

Wakuu, salamu kwenu. Uzi huu nimeuandika kwa ajili ya wanasihi wa shule, walimu waliokabidhiwa dawati la ushauri nasaha juu ya vipindi vyao, na wakuu wa shule wenye mnasihi chini yao. Ni mrefu, anayetaka asome kwa vipande.

Kila tukizungumzia kujitunza kwa watu wa kazi yetu tunaishia palepale: lala mapema, fanya mazoezi, pumzika mwisho wa wiki. Sina ugomvi na hayo. Mtu mzima anahitaji walau saa 7 za usingizi kwa usiku, na asiyelala hana subira ya kumsikiliza mtoto anayezungukazunguka kabla ya kusema kilichomleta. Lakini nimewaona wanasihi wanaolala vizuri, wanaofanya mazoezi, wanaosali, na bado wanaisha. Wanaisha kwa sababu wamebeba siri nzito na hawana pa kuzitua, na kwa sababu wamelundikiwa kazi zisizo zao hadi ile iliyo yao wanaifanya kwa kuibia muda.

Hoja yangu ni hii: kujitunza kwa mnasihi kunaanzia kwenye mpangilio wa kazi yake, ndipo yafuate mambo ya nyumbani. Anayetegemea ya nyumbani peke yake huishia kujilaumu yanaposhindwa kumsaidia.

Kwanza tutenganishe uchovu na uchovu, maana kila mmoja una njia yake.

Upo uchovu unaotokana na kazi yenyewe. Mwanasaikolojia Herbert Freudenberger aliuandikia mwaka 1974, baada ya kuwaona watu waliojitolea katika kliniki ya bure jijini New York wakipoteza ari waliyokuja nayo. Christina Maslach na Susan Jackson wakatengeneza kipimo chake mwaka 1981, nacho huangalia mambo matatu: kuishiwa nguvu za kihisia, kuanza kuwaona unaowahudumia kama majalada tu, na kuhisi kazi yako haizai chochote. Shirika la Afya Duniani limeuingiza katika orodha yake ya kimataifa ya magonjwa, toleo la 11, lililoanza kutumika Januari 2022. Humo halikuuita ugonjwa. Liliueleza kuwa ni hali ya kikazi inayotokana na msongo wa muda mrefu mahali pa kazi ambao haukudhibitiwa ipasavyo. Wakuu wa shule, naomba msome sentensi hiyo mara mbili. Chanzo kimewekwa kazini.

Upo pia uchovu wa huruma, ambao Charles Figley aliufafanua katika miaka ya 1990. Huu unakupata kwa kusikia. Mtoto anakusimulia alichofanyiwa, wewe hukuwapo, lakini usiku picha zinakujia. Unashtuka mlango ukigongwa. Unaikwepa njia inayopita karibu na kwao. Tofauti na uchovu wa kazi unaojengeka polepole, huu unaweza kuja ghafla baada ya simulizi moja tu, hata kwa mnasihi aliyeanza kazi mwezi uliopita.

Wa tatu unajificha zaidi. Lisa McCann na Laurie Anne Pearlman waliuelezea mwaka 1990: kusikiliza majeraha ya watu kwa muda mrefu kunabadilisha namna unavyouona ulimwengu. Unaacha kuamini. Kila mjomba anayembeba mtoto unamtazama mara mbili. Watoto wako mwenyewe huwaruhusu kulala kwa shangazi yao, na ukiulizwa sababu huna jibu la kumpa mtu, kwa kuwa sababu yenyewe ni siri ya mtoto mwingine.

Nieleze dalili ambazo vitabu havizitaji sana lakini chumba cha ushauri kinazijua. Unasikia hodi na moyoni unaomba awe amekosea mlango. Unamalizia sentensi za mtoto ili afike mwisho haraka. Unatoa ushauri dakika ya tano, ilhali unajua vizuri kwamba mtoto bado hajasema jambo lenyewe. Unawapenda zaidi wenye matatizo mepesi, wa kuchagua masomo na vyuo, na yule binti mwenye jambo zito unamwambia "njoo kesho" kwa mara nyingine. Unachanganya nani alikuambia nini. Kisa cha mtoto unakisimulia chumba cha walimu kwa namna ya kuchekesha. Ukiona matatu au manne kati ya haya ndani yako, usisubiri likizo.

Naomba michango, hasa ya walio kazini. Nitarudi na sehemu ya nini kifanyike.

---

Chaki na Moyo

Mwanzisha uzi, ubarikiwe. Niongezee la sisi wenye kofia mbili. Mimi ni mwalimu wa somo na pia mnasihi. Asubuhi nasimamia mtihani, namnyang'anya mtoto karatasi kwa kunakili. Mchana huyohuyo anatakiwa aje kwangu anifungulie moyo. Kuna shule nyingine mnasihi ndiye mwalimu wa nidhamu, yaani anayeadhibu na anayesikiliza ni mtu mmoja!

Uchovu wa hapa hautokani na wingi wa kazi. Unatokana na kugeuka sura kutwa nzima. Na mtoto naye haamini. Anakuja nusunusu, anasema kipande, anakutazama usoni aone leo wewe ni nani.

---

Mpya_Kazini

Shikamoo wakubwa. Mimi ndiyo nimeanza, hata mwaka sijamaliza. Swali langu ni jepesi kuuliza tu: mnaachaje mambo ya watoto shuleni? Nikifika nyumbani mwili umefika lakini akili iko na yule mtoto. Mume wangu ananiuliza nina nini, siwezi kumwambia. Wenzangu wananishauri nifanye moyo mgumu, eti nitazoea. Ni kweli?

---

SikioLaShule

Marahaba, mdogo wangu. Swali lako ndilo moyo wa uzi huu, kwa hiyo nitalijibu kwa kirefu. Chaki na Moyo, lako nalijibu chini.

Moyo mgumu usiufanye. Anayejifanya mgumu hachagui nini kisiingie. Huzuni ya mtoto haiingii, na furaha yake pia haiingii, na siku moja utakuta hata wa nyumbani kwako hawakugusi. Kisha watoto wananusa. Hawarudi kwa mtu aliyejifunga.

Watafiti wa ubongo, akiwemo Tania Singer na Olga Klimecki, wametenganisha mambo mawili ambayo tukiwa ndani yake tunayaona ni moja. La kwanza ni kuumia pamoja na mtu: maumivu yake yanakuwa yako, na mwisho wake ni kutaka kukimbia. La pili ni huruma yenye kumtakia mema: unayaona maumivu yake, unabaki kuwa wewe, na moyo wako unamwelekea kwa wema. Katika majaribio yao, watu waliofundishwa hilo la pili walipata hisia za joto na ukaribu hata walipotazama mateso. Waliofundishwa kuumia pamoja na mtu walizidiwa na uchungu. Maana yake njia ya kutokea ni kubadili namna ya kuhurumia, si kuacha kuhurumia.

Kwa vitendo inakuwaje? Mtoto anaposimulia jambo zito, miguu yako iwe imekanyaga sakafu na uihisi. Pumua taratibu, toa pumzi kwa muda mrefu kuliko unavyoivuta. Usijitengenezee sinema ya tukio kichwani. Hapa wengi tunaumia bila kujua: mtoto anasema sentensi mbili, sisi tunajaza chumba, taa, sauti na sura, halafu picha tuliyoichora wenyewe ndiyo inayotufuata usiku. Msikilize yeye aliye mbele yako sasa hivi, ambaye yuko hai, amekaa kwenye kiti, amepata ujasiri wa kusema. Jiulize moyoni: "Sasa hivi anahitaji nini?" Swali hilo linakutoa kwenye tukio la juzi na kukurudisha kwenye kazi ya leo.

Kuhusu kuachia mambo shuleni. Mtafiti Sabine Sonnentag amechunguza kwa miaka mingi jinsi watu wanavyopata nguvu upya baada ya kazi. Kati ya anayoyataja ni kujitenga na kazi kiakili, kupumzika, kujifunza kitu chenye changamoto nje ya kazi, na kuwa na mamlaka juu ya muda wako mwenyewe. La kwanza ndilo gumu kwetu, kwa sababu akili haiachi jambo ambalo haijaamini kuwa limewekwa mahali salama. Kwa hiyo liweke mahali salama. Kabla ya kufunga mlango wa ofisi, andika kwa kila mtoto anayekusumbua: nimefanya nini leo, nani mwingine anajua, hatua inayofuata ni ipi na lini. Ikiwa mtoto yuko hatarini, usiondoke kabla ya kumjulisha anayepaswa kujulishwa. Kisha fungia jalada kabatini. Akili ikikuletea mtoto yule usiku, unaweza kuijibu kwa kweli kabisa: ameandikwa, na kesho saa fulani namwona.

Na mumeo, dada, mwambie. Kisa usimwambie, jina usimwambie, lakini hali yako mwambie: "Leo nimesikia jambo lililoniumiza, siwezi kulisimulia, naomba tu ukae nami kidogo." Siri ni ya mtoto, ila uchungu ulioupata wewe ni wako, na hakuna kanuni ya kazi inayokukataza kuusema.

---

Mzee wa Darasa

Naomba niwe mkali kidogo, mtanisamehe. Mambo haya ya kujitunza nayaona kama njia ya kumsukumia mfanyakazi mzigo wa mwajiri. Mnasihi mmoja, wanafunzi elfu na zaidi, chumba hana, analia kwa kazi, halafu anaambiwa apumue taratibu! Apumue mara ngapi? Mpunguzieni watoto, mpeni chumba, mwondoleeni zamu za geti, ndipo mumfundishe kupumua.

---

SikioLaShule

Mzee wangu, hapo hujanipinga, umenisaidia. Ndiyo maana nilianza na mpangilio wa kazi.

Niweke takwimu moja mezani ili wakuu wa shule wapate pa kupimia. Chama cha wanasihi wa shule cha Marekani, kilichoanzishwa mwaka 1952, kinapendekeza mnasihi mmoja kwa wanafunzi 250, na kwamba asilimia 80 ya muda wake au zaidi iende kwenye huduma kwa wanafunzi, iwe ana kwa ana au kwa niaba yao, kama kuzungumza na wazazi na walimu. Hata kwao kuna majimbo mengi yasiyofikia kiwango hicho. Lakini kipimo kinatusaidia kuuliza swali sahihi. Mwambie mnasihi wako aandike kwa wiki mbili kila saa imeenda wapi. Usimamizi wa mitihani, kujaza nafasi ya mwalimu asiyekuja, makaratasi ya usajili, zamu. Mara nyingi mkuu wa shule mwenyewe hushtuka, kwa kuwa hakuna aliyekaa chini akaamua iwe hivyo. Kazi zilijikusanya moja moja, kila moja ikiwa ndogo.

Robert Karasek alionyesha mwaka 1979 kwamba kazi inayoumiza zaidi ni ile yenye madai makubwa huku mtendaji hana uamuzi juu ya namna ya kuifanya. Mnasihi asiyeweza hata kufunga mlango bila mtu kuingia kuulizia chaki yuko palepale. Kupunguza madai kunaweza kuchukua muda. Kumpa uamuzi kunawezekana wiki hii: aamue saa za kuonana na wanafunzi, aamue saa ya kuandika, na mlango ukifungwa uheshimiwe.

Chaki na Moyo, kofia mbili zikishindikana kuvuliwa, zitenganishwe mbele ya macho ya mtoto. Chumba kingine, kiti kingine, na neno la wazi mwanzoni: "Hapa sipo kama mwalimu wako wa somo, na utakayosema hayataingia kwenye alama zako." Ila ya unasihi na nidhamu kwa mtu mmoja, hapo sina njia ya kati. Mkuu wa shule ampe mtu mwingine nidhamu.

---

Mkuu_wa_Shule

Nimesoma yote. Mimi ni mkuu wa shule na nina mnasihi mzuri sana ambaye naona anafifia. Nikimuuliza anasema yuko sawa. Niliwahi kumwambia aje anieleze kesi zake ili nimsaidie kuzibeba, akawa mzito kidogo. Nilidhani hanitaki. Nifanyeje?

---

SikioLaShule

Mwalimu mkuu, asante kwa kuuliza hadharani. Anakuheshimu, na bado hawezi. Wewe ndiye unayempima kazi, unayeandika ripoti yake, unayeweza kumfukuza mtoto shule. Akikuletea udhaifu wake anakuletea wewe uliye juu ya mkate wake. Akikuletea kisa cha mtoto, anavunja ahadi aliyompa mtoto, isipokuwa katika yale ambayo mtoto alielezwa tangu mwanzo kwamba hayafichwi: anapotaka kujidhuru, anapotaka kumdhuru mwingine, au anapodhulumiwa.

Anachohitaji ni usimamizi wa kinasihi, na hapa ndipo naomba tukae.

Katika nchi nyingi mtaalamu wa tiba ya kisaikolojia hafanyi kazi peke yake. Ana mnasihi mwenzake mwenye uzoefu zaidi, asiye bosi wake, anayekutana naye kwa ratiba kujadili kazi yake bila kutaja majina ya wateja. Wa kliniki analipata hilo kama sehemu ya kazi. Wa shule, tena aliye peke yake katika jengo zima, mara nyingi halipati kabisa, na hata haoni kwamba amenyimwa kitu.

Brigid Proctor wa Uingereza aliyapanga manufaa ya usimamizi huu katika sehemu tatu. Moja ni ya viwango: je, nilivyofanya ni sawa kimaadili na kisheria, mtoto yuko salama? Ya pili ni ya kujifunza: kesi hii ningeiendeaje kwa njia nyingine? Ya tatu ni ya kumrejeshea mnasihi nguvu: mwenyewe nimeachwaje na jambo hili? Tatizo la shule nyingi ni kwamba ya kwanza tu ndiyo inayofanyika, tena kwa sura ya ukaguzi. Anakuja afisa, anaangalia majalada, anasaini, anaondoka. Ya tatu haina mwenyewe.

Kikao kinakuwaje? Mnasihi anafika na kesi moja au mbili zilizomkaa. Hasimulii yote. Anaanza na mahali alipokwama: "Huyu kijana akinyamaza mimi nakasirika, sijui kwa nini." Msimamizi hamwambii cha kufanya mara moja. Anamuuliza huyo kijana anamkumbusha nani. Mara nyingi hapo kitu kinafunguka ambacho usingizi na mazoezi visingekigusa. Mnasihi aliyefiwa na mama yake anagundua kwa nini watoto yatima wanamlemea kuliko wengine. Hakuna aibu katika hilo. Kila mmoja wetu ana mlango ambao kesi fulani zinapitia bila kubisha.

Wewe kama mkuu wa shule, fanya haya: mtengee saa hiyo ndani ya muda wa kazi, iandike kwenye ratiba kama kipindi, usiulize walichozungumza. Hapa eneo lenu hakuna mnasihi mwandamizi? Shule tatu au nne zikiunganisha wanasihi wao wakakutana kila baada ya wiki mbili, wenyewe kwa wenyewe, tayari mmepiga hatua kubwa. Wakubaliane mambo machache: hakuna majina, hakuna alama za kumtambulisha mtoto, kila mtu anapata zamu, na mmoja anashika muda. Simu inatosha kama umbali ni tatizo, ilimradi kila mmoja awe kwenye chumba kilichofungwa.

---

Nahodha wa Bweni

Mimi nipo shule ya bweni. Mnayosema ya kufunga ofisi saa kumi kwetu hayapo. Nyumba yangu iko ndani ya uzio. Wanagonga usiku. Na simu yangu wanayo wazazi wote, ujumbe unaingia saa tano usiku: "Mwalimu, mwanangu ameniambia hivi." Nisipojibu silali, nikijibu silali vilevile. Na nikikataa, je, siku hiyo ndiyo mtoto akajidhuru?

---

SikioLaShule

Hofu hiyo naielewa, na siidharau. Ila iangalie kwa makini inachosema. Inasema usalama wa watoto mia kadhaa umewekwa juu ya mtu mmoja asiyelala. Huo ni mpango mbovu kwa watoto wenyewe, maana siku ukiugua au ukisafiri hakuna kitu chini yao.

Dharura ya usiku inahitaji zamu. Matroni, patroni, mwalimu wa zamu, wewe, kila mmoja afundishwe mambo ya msingi: kumuuliza mtoto moja kwa moja kama anafikiria kujiua (kuuliza hakumpandikizii wazo, hilo limechunguzwa), kutomwacha peke yake, kuondoa vya kujidhuru, nani wa kumpigia, hospitali ipi. Karatasi moja ukutani kwenye ofisi ya bweni. Ukishakuwa na hiyo, usiku usio wa zamu yako unaweza kuzima simu ukijua mtoto akigonga kuna atakayefungua.

Wazazi waandikie ujumbe mmoja wa wazi mwanzoni mwa muhula: napatikana saa hizi, dharura piga namba hii ya shule. Halafu ushike. Ukijibu saa tano usiku mara moja, umebadilisha tangazo lako mwenyewe.

---

Asali Chungu

Nimeingia kwenye uzi huu nikitaka kusoma tu, lakini naona niseme. Shule yetu ilimpoteza mwanafunzi. Alijiua. Alikuwa akija kwangu. Siku zilizofuata nilizungumza na darasa lake, na walimu, na wazazi wake, na rafiki zake wa karibu mmoja mmoja. Kila mtu alisema nimefanya kazi kubwa. Hakuna aliyewaza kwamba mimi pia nimefiwa. Mpaka leo nikipita kwenye kile kiti alichokuwa akikalia nabadilisha njia.

---

SikioLaShule

Pole sana, ndugu yangu. Pole kwa kumpoteza mtoto uliyemjua na aliyekuamini. Umefiwa. Naandika hivyo kwa sababu hukuambiwa.

Sijui umbali wa siku, lakini naomba unisikilize katika mambo machache. Kujiua hakuna sababu moja, na hata wataalamu wenye vifaa vyote hawawezi kubashiri kwa uhakika nani atafanya na lini. Najua kichwani unazirudia zile siku za mwisho ukitafuta sentensi uliyopitwa. Sasa unajua mwisho, ndiyo maana kila kitu kinaonekana kama kilikuwa kinapiga kelele. Wakati ule hukuwa na mwisho huo.

Dalili unayoitaja, ya kukwepa kiti, ikiwa imedumu zaidi ya mwezi mmoja, pamoja na ndoto, kushtuka au kufa ganzi, ni sababu tosha ya kumwona mtaalamu wa afya ya akili, wewe kama mgonjwa na si kama mwenzake wa kazi. Kuna tiba za mazungumzo za kiwewe zilizothibitika kusaidia. Ukiona mawazo ya kutamani usiwepo, usisubiri hata siku moja, mwambie mtu leo. Nimekutumia ujumbe wa faragha, ukitaka tuzungumze.

Kwa shule zote: msiba kama huu ukitokea, mnasihi wa shule asiwe ndiye pekee anayewahudumia wengine. Aombwe mnasihi kutoka shule nyingine au hospitali aje kwa siku kadhaa. Aliye wa shule apewe hiari ya kukaa na waombolezaji, na ndani ya wiki ile ile mtu wa nje akae naye peke yake. Hili liwe kwenye mpango wa dharura kabla halijatokea, kwa sababu siku ya tukio hakuna atakayelikumbuka, na yeye mwenyewe ndiye wa mwisho kujiombea.

---

Chaki na Moyo

Pole sana Asali Chungu. Tupo.

Mwanzisha uzi, kuna namna ya kujipima, ili mtu asingoje mpaka adondoke?

---

SikioLaShule

Ipo. Kuna dodoso linaloitwa ProQOL, la Beth Hudnall Stamm, lenye maswali 30, linapatikana bure. Linapima pande tatu: uchovu wa kazi, kiwewe cha kusikia, na ridhiko unalopata kwa kuwasaidia watu. Hiyo ya tatu ndiyo inayonifanya nilipende. Wawili wanaweza kuwa na uchovu uleule, lakini mmoja bado anaona maana ya kazi yake na mwingine haoni, na hao hawahitaji msaada wa aina moja. Halitoi utambuzi wa ugonjwa, ni kipimo cha kujitazama. Lijaze mwanzo wa muhula na katikati, weka majibu, linganisha na yako mwenyewe badala ya kulinganisha na ya mwenzako.

Na ridhiko hilo linahitaji kulishwa. Sisi tunakumbuka kesi zilizoharibika kwa undani na zilizofanikiwa tunazisahau, kwa sababu mtoto aliyepona haji tena ofisini. Weka daftari la mambo yaliyokwenda vizuri, bila majina. Kijana aliyeanza tena kuinua mkono darasani. Binti aliyekuja kuchukua kitabu na kuondoka bila kukaa, kwa kuwa hakuwa na haja ya kukaa.

---

Mpya_Kazini

Nimemwambia mume wangu lile neno jana. Alikaa. Asanteni.

Kuhusu msimamizi, nimepata mama mmoja mnasihi mstaafu amekubali. Kikao cha kwanza tuanze na nini?

---

SikioLaShule

Habari njema hiyo. Anzeni na makubaliano kabla ya kesi yoyote. Mtakutana mara ngapi na kwa muda gani. Nini kitabaki kati yenu, na nini atalazimika kukitoa nje, kwa mfano akiona mtoto yuko hatarini na wewe hujachukua hatua. Nani anaandika, na kinawekwa wapi. Ukizidiwa katikati ya vikao unaweza kumpigia, au hapana? Na akikuambia jambo usilokubaliana nalo, mtalizungumzaje. Mwambie pia mkuu wako wa shule kwamba kikao kipo na kiko saa ngapi, ili kisimezwe na ratiba. Kisha peleka kesi ya yule mtoto mmoja ambaye mawazo yake yanakufuata nyumbani, bila jina lake, ukianzia na anavyokufanya ujisikie.